Wastani Unaposhuka, Nani Ameshuka?

Wastani wa alama za mitihani ya kujiunga na vyuo vikuu nchini Marekani umeshuka kwa kiasi kinachoonekana tangu katikati ya miaka ya 2010. Katika mtihani wa ACT, ambao alama zake huanzia 1 hadi 36, wahitimu wa sekondari wa mwaka 2017 walikuwa na wastani wa 21.0. Wa mwaka 2022 walikuwa na 19.8, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wastani huo kuwa chini ya 20 tangu mwaka 1991. Wa mwaka 2024 walipata 19.4. Katika mtihani wa SAT, wenye alama 400 hadi 1600, wastani wa 1068 wa mwaka 2018 ulikuwa umefika 1024 mwaka 2024. Tarakimu hizi zinapotangazwa, swali linalofuata huwa moja: vijana wamepatwa na nini? Ni swali la haraka mno. Linachukulia kwamba wastani ukishuka lazima wapo watu walioshuka, na jambo hilo halithibitishwi na hesabu wala na mantiki.

Wastani ni sifa ya kundi. Hupatikana kwa kujumlisha alama zote na kugawa kwa idadi ya waliozipata, kwa hiyo unaweza kubadilika kwa njia mbili: alama zenyewe zibadilike, au wanaohesabiwa wabadilike. Mwanafunzi aliyepata 1100 mwaka jana akapata 1050 mwaka huu anaweza kuulizwa kilichomsibu. Lakini watahiniwa wa mwaka 2024 si wale wa mwaka 2018. Hakuna kijana hata mmoja aliyetoka 1068 akafika 1024. Kilichotoka huko kikafika huku ni nambari, na nambari hiyo haina historia ya maisha, haina mwalimu, haikulala njaa wala kukesha na simu.

Tabia ya kuuona wastani kana kwamba ni mtu ina umri mrefu. Mwanahisabati wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, katika kitabu chake cha mwaka 1835, alimweka "mtu wa wastani" kuwa kielelezo cha jamii nzima: urefu wake, uzito wake, hata mwelekeo wake wa kutenda uhalifu. Mwanafiziolojia wa Ufaransa, Claude Bernard, alilipinga wazo la namna hiyo mwaka 1865 kwa kisa cha mtaalamu aliyekusanya mkojo kwenye choo cha stesheni ya reli walikopita watu wa mataifa mengi, akiamini kwamba ataweza kueleza mkojo wa wastani wa Mzungu. Bernard alikuwa na hoja nzito. Alichopata mtaalamu yule kilikuwa mchanganyiko usiotoka katika mwili wa mtu yeyote, na daktari anayetaka kujua figo la mgonjwa wake linafanyaje kazi hawezi kulisomea humo.

Kwa upande wa mitihani, hatari hiyo huonekana kwa mfano mdogo wa hesabu. Tuseme watahiniwa 100 wa shule zenye walimu na vitabu vya kutosha wana wastani wa 550 katika sehemu moja ya mtihani, na watahiniwa 50 wa shule maskini wana 430. Wastani wa wote ni 510. Baada ya miaka kadhaa shule zote zimeboreka: kundi la kwanza lina 560, la pili 440. Wakati huohuo watoto wa shule maskini wameanza kuitazama elimu ya juu kuwa haki yao pia, na sasa wanaofanya mtihani ni 100 badala ya 50. Wastani mpya wa wote ni 500. Kila kundi limepanda kwa alama kumi, na wastani wa jumla umeshuka kwa alama kumi. Gazeti litakaloandika kwamba elimu imezorota litakuwa na nambari sahihi na habari ya uongo.

Wanatakwimu wanalifahamu jambo hili tangu George Udny Yule alipoligusia mwaka 1903, ingawa limebaki na jina la Edward Simpson, aliyeliandikia mwaka 1951. Nalo si la vitabuni tu. Kati ya mwaka 1981 na 2002 wastani wa sehemu ya lugha ya SAT ulionekana umesimama palepale, kwenye 504 kwa vipimo vilivyopangwa upya mwaka 1995. Lakini watahiniwa walipotenganishwa kwa asili zao, Weupe, Weusi, Waasia na wengine, kila kundi lilikuwa limepanda. Miaka ishirini ya jitihada za walimu na wanafunzi ilifunikwa na nambari isiyosogea, kwa sababu makundi yaliyoanzia chini yalikuwa yamepata nafasi kubwa zaidi kati ya wanaofanya mtihani.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha zamani kidogo. Kati ya mwaka 1963 na 1980, kwa vipimo vya wakati huo, wastani wa SAT ulishuka kutoka 478 hadi 424 katika lugha, na kutoka 502 hadi 466 katika hisabati. Taifa lilishtuka. Taasisi inayomiliki mtihani huo, College Board, iliunda jopo chini ya Willard Wirtz, aliyewahi kuwa Waziri wa Kazi, na jopo likatoa ripoti mwaka 1977. Ubora wa ripoti hiyo ni kwamba ilikataa kutoa jibu moja kwa kipindi kizima. Kwa miaka ya 1963 hadi 1970 hivi, kati ya theluthi mbili na robo tatu ya mporomoko ilitokana na mabadiliko ya watahiniwa: vyuo vilikuwa vimepanuka, na vijana ambao zamani wasingeota kufika chuoni walikuwa wameingia kwenye vyumba vya mtihani. Baada ya 1970 sababu hiyo ilieleza takriban robo tu. Iliyobaki jopo liliitafuta kwingine: masomo ya kuchagua yaliyochukua nafasi ya yale ya msingi, kazi za nyumbani zilizopungua, utoro uliovumiliwa, televisheni, misukosuko ya familia na ya taifa lililokuwa vitani Vietnam.

Mgawanyo huo una uzito wa kifalsafa. Mstari mmoja unaoteremka kwenye grafu bila kukatika ulikuwa, kwa kweli, matukio mawili tofauti yaliyofuatana. La kwanza lilikuwa matokeo ya haki kutanuka. La pili lilikuwa, kwa sehemu kubwa, upungufu wa kweli katika kujifunza. Jicho haliwezi kuyatenganisha kwa kuutazama mstari. Na anayeamua mapema kwamba sababu ni moja, iwe ni upanuzi au uzembe, atapata ushahidi wa kumtosheleza katika nusu ya mstari na ataisoma vibaya nusu nyingine.

Serikali yenyewe iliwahi kuingia katika kosa hilo. Mwaka 1984 Waziri wa Elimu, Terrel Bell, alitoa jedwali lililopanga majimbo kwa wastani wa SAT au ACT, kana kwamba yalikuwa yanashindana katika mbio moja. Katika majimbo ya mashariki sehemu kubwa ya wanafunzi walifanya SAT. Katika majimbo ya katikati, ambako ACT ndiyo iliyotawala, SAT ilifanywa na wachache waliolenga vyuo vya mbali vyenye ushindani mkali. Watafiti Brian Powell na Lala Carr Steelman walionyesha mwaka huohuo kwamba zaidi ya asilimia 80 ya tofauti kati ya majimbo ilielezwa na jambo moja tu: ni asilimia ngapi ya wanafunzi walifanya mtihani. Jimbo lililowapeleka wachache lilisifiwa, na lililowapeleka wengi lilionywa. Colorado na Illinois zilipowataka wanafunzi wao wote wafanye ACT kuanzia mwaka 2001, wastani wao ulianguka kwa zaidi ya pointi moja mara tu wahitimu wa kwanza wa utaratibu huo walipohesabiwa. Shule zilikuwa zilezile na walimu walewale.

Ushahidi wa karibuni zaidi uliletwa na UVIKO-19, bila mtu kuukusudia. Vituo vya mitihani vilifungwa, vyuo vingi vikaacha kudai alama, na waliofanya SAT wakapungua kutoka takriban milioni 2.2 katika kundi la wahitimu wa 2020 hadi milioni 1.5 katika kundi la 2021. Ungetarajia mwaka wa shule zilizofungwa na masomo ya kwenye kioo uushushe wastani. Badala yake ulipanda, kutoka 1051 hadi 1060. Waliojitoa kwenye mtihani walikuwa zaidi wale wasio na njia ya kuufikia au wasio na matumaini nao. Watahiniwa walipoanza kurudi, milioni 1.7 mwaka 2022 na milioni 1.9 mwaka 2023, wastani ulishuka hadi 1050, kisha 1028. Kwa hiyo mwaka ambao elimu ya Marekani iliumia kuliko miaka mingi ndio uliopata nambari ya kutia moyo. Hapa pana jambo linalostahili kusemwa wazi: jamii inayotaka wastani wa juu inaweza kuupata upesi kwa kuwafungia nje walio dhaifu. Wastani hauna namna ya kutofautisha kuwafundisha watu na kuwaondoa.

Hata kundi lingekuwa lilelile, lingebaki suala la kipimo. SAT ilifanywa mara ya kwanza Juni 1926, na vipimo vyake vilisimikwa mwaka 1941, pale alama 500 ilipofanywa kuwa katikati ya watahiniwa elfu kumi hivi wa mwaka huo, kundi dogo ambalo sehemu kubwa yake ilitoka shule za kulipia. Kwa miongo mitano vijana wa nchi nzima walipimwa kwa kulinganishwa na kundi hilo. Mwaka 1995 vipimo vilipangwa upya ili 500 irudi katikati, na nambari zikapanda bila mtu kujifunza chochote zaidi. Mwaka 2005 jumla ikawa 2400, mwaka 2016 ikarudi 1600, na mwaka 2024 mtihani wa karatasi ukaondolewa nchini Marekani ukabaki wa kompyuta, mfupi zaidi. Watengenezaji wa mtihani wana mbinu makini za kusawazisha toleo moja na jingine, na mbinu hizo zinaaminika kwa miaka iliyo jirani. Kwa miongo mirefu zinaaminika kidogo zaidi, kwa sababu kinachopimwa chenyewe kimebadilika.

Lipo pia jambo la nia, ambalo huachwa mara nyingi. Alama ni zao la uwezo na juhudi kwa pamoja, na mtihani hauwezi kuvitenganisha. Zamani kijana aliyefanya ACT alikwenda Jumamosi kwa hiari yake, pengine kwa ada iliyolipwa na wazazi, akijua kwamba chuo kinaingoja karatasi hiyo. Leo wengi hufanya mtihani huohuo siku ya kawaida ya masomo, kwa sababu jimbo limeagiza, na baadhi yao hawana mpango wa kwenda chuo chochote. Hata wanaokwenda wanajua kwamba vyuo vingi havidai alama tena. Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, kimeacha kabisa kuzitumia katika kuchagua wanafunzi. Kijana asiyejiandaa kwa mtihani usiomfaa anafanya uamuzi unaoeleweka, lakini alama yake itasomwa kana kwamba ni ushahidi wa ujinga.

Mtu akifika hapa anaweza kushawishika kusema kwamba basi hakuna kilichoshuka. Hilo nalo si kweli, na ni hatari zaidi kwa sababu linafariji. Ipo njia ya kulipima suala hili bila kutegemea wanaojitokeza wenyewe. Tangu mwaka 1969 Marekani imekuwa na tathmini ya taifa, NAEP, inayochagua sampuli ya wanafunzi wa kila aina, wenye mpango wa chuo na wasio nao. Matokeo yake hayawezi kushushwa na upanuzi wa vyuo. Nayo yameshuka. Watoto wa miaka 13 walipopimwa mwishoni mwa mwaka 2019, kabla ya virusi kufika Marekani, walikuwa chini ya wenzao wa mwaka 2012 kwa pointi 5 katika hisabati na 3 katika kusoma. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wamepoteza pointi 9 zaidi katika hisabati na 4 katika kusoma. Wanafunzi wa darasa la 12, wanaokaribia umri wa chuo, walipata mwaka 2024 wastani wa chini kabisa wa kusoma tangu upimaji wa sasa wa kusoma wa darasa hilo uanze mwaka 1992.

Tarehe hizo zina maana kubwa. Zinaonyesha kwamba janga la UVIKO liliikuta elimu ikiwa tayari inateremka, likaisukuma zaidi. Kufungwa kwa shule kulifuatwa na utoro: wanafunzi waliokosa angalau sehemu moja ya kumi ya siku za masomo waliongezeka kutoka asilimia 15 hivi kabla ya janga hadi karibu asilimia 28 katika mwaka wa masomo wa 2021/22. Lakini mteremko wa kabla ya hapo unadai maelezo mengine. Wapo wanaoutaja uamuzi wa mwaka 2015 wa kulegeza sheria iliyozibana shule kwa matokeo ya mitihani. Wapo wanaotaja simu janja, zilizoenea mikononi mwa vijana katika miaka ileile mstari ulipoanza kupinda. Wapo wanaotazama usomaji wenyewe: mwaka 2012 asilimia 27 ya watoto wa miaka 13 walisema husoma kwa kujifurahisha karibu kila siku, mwaka 2023 walikuwa asilimia 14. Ushahidi wa mwisho ndio wenye uzito wa pekee kwa mtihani wa kujiunga na chuo. Sehemu yake ya lugha hupima uvumilivu wa kukaa na maandishi magumu, na uvumilivu huo haujengwi kwa wiki sita za kufanya maswali ya mazoezi. Hujengwa kwa miaka ya kusoma vitabu ambavyo hakuna aliyeviamuru.

Sababu hizi hazigawanyiki kama mafungu ya nyanya sokoni, kila moja na bei yake. Simu hupunguza usomaji. Usomaji uliopungua humfanya mwalimu achague maandishi mafupi. Maandishi mafupi humfanya mwanafunzi aone kitabu kizima kuwa mzigo. Naye mwanafunzi huyo akirudi kwenye simu hana anachokosa. Kuuliza ni asilimia ngapi ya mteremko imeletwa na simu na ngapi na shule ni kuuliza swali ambalo huenda halina jibu hata kama taarifa zote zingepatikana, maana sababu zinazolishana haziwezi kuondolewa moja moja huku nyingine zikibaki kama zilivyokuwa. Jopo la Wirtz liliweza kutenga mabadiliko ya watahiniwa kwa sababu hayo ni suala la kuhesabu nani yumo. Sababu zinazofanya kazi ndani ya watu walewale hazikubali mgawanyo huo.

Tena wastani huficha umbo la hasara. Katika matokeo ya NAEP tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, wanafunzi wa juu wameteleza kidogo au wamebaki walipokuwa, ilhali wa chini kabisa wameanguka sana. Nambari moja ya katikati inasema kizazi kizima kimerudi nyuma hatua moja. Ukweli ni kwamba baadhi hawakurudi nyuma hata kidogo na wengine wameachwa mbali, nao ndio waliokuwa na msaada mchache nyumbani. Hatua za kurekebisha zinazotokana na picha ya kwanza, kama vile kuongeza masharti kwa wote, hazitawafikia walioumia.

Linabaki swali la nini hasa kinapimwa. Mwaka 1984 mtafiti James Flynn alionyesha kwamba alama za vipimo vya akili nchini Marekani zilikuwa zimepanda sana kati ya mwaka 1932 na 1978, na kwa hiyo miaka ya mwisho ya kipindi hicho ilikuwa ileile ambayo SAT ilikuwa ikiporomoka. Vijana wa nchi ileile walikuwa wanakuwa na akili zaidi kwa kipimo kimoja na wanapungua kwa kingine. Hakuna ukinzani hapo kwa anayekubali kwamba akili si kitu kimoja kinachojaa na kupungua. Wepesi wa kuona ruwaza katika maumbo unaweza kukua wakati msamiati wa vitabuni unanywea. Anayesema kizazi fulani kimekuwa kijinga ana wajibu wa kueleza ni ujuzi upi umepungua, kwa nani, na nini kimechukua mahali pake.

Wajibu huo una matokeo kwa watu halisi, kwa sababu wastani haukai kwenye ripoti tu. Vijana huusoma na kuamua maisha yao kwa kuutazama. Vyuo vilipoufanya mtihani kuwa wa hiari, waliotuma alama walikuwa zaidi wenye alama nzuri, na wastani uliotangazwa na vyuo vyenye ushindani ukapanda wakati uleule wastani wa taifa ulipokuwa ukishuka. Watafiti wa Chuo cha Dartmouth walichunguza jambo hili kabla ya chuo hicho kurudisha sharti la mtihani Februari 2024. Waligundua kwamba waombaji kutoka familia na shule zenye uwezo mdogo, wenye alama za 1400 na kitu, walikuwa wanazificha kwa kuona ziko chini ya wastani wa chuo. Laiti wangezituma, zingewasaidia, kwani ofisi ya udahili ilizisoma kwa kuzilinganisha na mazingira ya shule walikotoka. Kijana aliyefika 1400 katika shule ambayo wenzake wengi hawafiki 1000 alikuwa amefanya jambo kubwa. Alijipima kwa nambari ya kundi ambalo hakuwa mmoja wao, na maafisa waliotafuta wanafunzi kama yeye hawakupata namna ya kumwona.